Chifu Aliyekosa Wimbo

Moraa mjukuu wangu, umevunjika miguu? Krismasi mbili sijakuona! Mimi mzima, ng'ombe amezaa. Binamu yako Kerubo ndiye anayeniandikia barua hii.

Unauliza serikali inahitaji kukubaliwa na watu kiasi gani. Nikiwa msichana hapa Marani, chifu alituamuru tuchimbe barabara bila kutuuliza ipite wapi. Tuliogopa askari, tukaenda wote. Lakini hakuna aliyeanzisha wimbo wa egesangio, kazi yetu ya pamoja, na bila wimbo majembe hayainuki pamoja. Tulikwaruza tu.

"Imbeni!" akafoka.

"Jembe unaliamuru, chifu," mama yangu akamwambia. "Wimbo unauomba."

Hakuomba, mjinga yule. Barabara yake inaishia migombani mpaka leo. Na hawa wa sasa wanatuita barazani watusomee walichokwisha kuamua! Hawana haya!

Ukija, usiniletee mkate. Lete jembe, nikufundishe wimbo.