Mtutu Uko Titye, Mtambo Ninao Mimi

Mpendwa mshauri Bi Yasmini, nakuandikia nikiwa dukani kwangu hapa Kasulu, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi nikikosea sidhani kama nitapata nafasi nyingine.

Naitwa Hilali, nina miaka sitini na moja, nauza spea za baiskeli na pikipiki, mke wangu alitangulia mbele ya haki miaka kadhaa iliyopita na binti yangu wa pekee, Mwanaheri, ameolewa Kibondo, kwa hiyo jioni nikishafunga duka nilikuwa sina wa kuongea naye, nikaanza kukusanya vyuma vya magobore ya zamani, yale ya kushindilia baruti kwa mdomoni, na siyo bunduki nzima, ni vipande tu, leo nyundo, kesho mdeki wa kushindilia, keshokutwa bamba la shaba la kitako alilookota mtu shambani akilima, na watu wakanizoea wakawa wananiletea, nami nawaambia hiki ni cha bunduki ya kweli iliyofika huku na misafara ya zamani, na hiki ni cha gobore la kienyeji ambalo mtutu wake ulikuwa bomba la maji.

Sasa mwaka huu nilikwenda Kibondo kumtembelea Mwanaheri, nikapita kwa fundi wa kuchomelea anayeitwa Bazilio, akanitolea mtambo wa gumegume, yaani ule wa zamani kabisa unaogonga jiwe likatoa cheche, kabla hazijaja bunduki za fataki, nao ulikuwa umekamilika, nyundo ipo, springi ipo, na kwa nyuma una mikwaruzo minne ya tupa, alama waliyokuwa wakiweka mafundi ili kila kipande kijulikane na mwenzake. Bazilio akasema babu yake alikuwa mhunzi na mtambo huo alipewa na mwindaji mmoja wa Titye, kijiji cha huku kwetu Kasulu. Nikaununua, na usiku huo sikulala vizuri, Bi Yasmini. Niliporudi Kasulu nikachukua bodaboda mpaka Titye.

Nikaulizauliza mpaka nikaelekezwa kwa marehemu mzee Niyomwungere, aliyekuwa mwindaji, na pale nikamkuta mkwe wake, Bi Stumai, mjane, watoto wake wote wako Kigoma mjini, yeye analima tangawizi na maharage. Nikamwamkia, “Mwakeye,” nikaeleza kilichonileta, akacheka akasema, “Wenzako wanakuja hapa kununua tangawizi, wewe unatafuta kutu.” Akaingia ndani akatoka na mtutu na kitako vimefungwa kwenye kanga, akaniambia baba mkwe wake alipoacha kuwinda aliung'oa mtambo akaugawa, ili wajukuu wasije wakaumizana.

Kwanza kabisa niliingiza mdeki mpaka ukagota, nikaupima kwa nje ya mtutu, nikajua ndani hamna shindilio la zamani la baruti na risasi. Kisha nikaangalia, mtutu una pembe nane upande wa nyuma halafu unakuwa mviringo kuelekea mdomoni, kitundu cha moto kiko ubavuni, na kwenye mti wa kitako ipo mikwaruzo minne. Nikauweka mtambo mahali pake, ukaingia kama ulitoka jana, matundu ya skurubu yakatazamana.

Hapo ndipo nilipojiharibia. Bi Stumai alikuwa anatoka jikoni na kahawa, akauliza, “Vipi, umekaa?” Nikamtazama usoni, nikauchomoa ule mtambo upesi, nikasema, “Bado kidogo. Itabidi nirudi.”

Basi nimekuwa mtu wa kurudi, mara nimeleta tupa, mara mafuta, mara natafuta skurubu, na kila nikienda tunakaa kibarazani tunaongea mpaka chuma kinasahaulika, ananisimulia jinsi baba mkwe wake alivyokuwa akiwinda nguruwe pori waliokuwa wanamaliza mihogo, anavyoigiza sauti ya yule mzee mpaka nalia kwa kucheka, na nikirudi mjini najikuta natabasamu na wateja wananishangaa. Nimenunua mashati mawili. Mwanaheri alinisikia kwenye simu akaniuliza, “Baba, hilo gobore lina jina?” Nikakata simu, nikasingizia mtandao.

Juzi Bi Stumai akaniambia, “Baba Mwanaheri, chuma hiki kimekusumbua vya kutosha. Jumamosi njoo uchukue vyote ukamalizie kwako. Nitachinja na kuku.” Nimechanganyikiwa. Nikiuchukua mtutu sina tena sababu ya kwenda Titye, nikikataa ataniuliza kwa nini, na nikisema ukweli atajua nimemdanganya miezi yote hii, tena kwa umri huu. Nifanye nini?

Hilali, Kasulu.

Kaka Hilali,

Barua yako ilinifika Jumatano, nikakupigia simu siku ileile kwa kuwa niliona Jumamosi haisubiri gazeti. Niliyokuambia nayaandika hapa, kama tulivyokubaliana, kwa faida ya wengine.

Pole kwa upweke. Mtu aliyezoea kuitwa chakula na mwenzake, kisha akawa anajipakulia mwenyewe, hahitaji kuelezewa na mimi. Na hongera, maana moyo wako ungali mzima.

Nikishasema hayo, nakugombeza. Gobore ni silaha, hata likiwa na kutu, hata likiwa vipande viwili katika nyumba mbili. Umekuwa ukipanda bodaboda na mtambo mfukoni kama mtu aliyebeba karanga. Siku ungesimamishwa njiani ungemweleza askari habari za mikwaruzo ya tupa? Usiubebe tena. Mtutu usitoke Titye mpaka mtendaji wa kata ajue, na mtambo na vyuma vyako vyote vifike kituo cha polisi kwa hiari yako. Huko ukaeleze kwamba ungependa vihifadhiwe mahali watu waone. Huenda wakakubali, huenda wakakataa, na ukikataliwa utashukuru ukaenda nyumbani. Baruti usiiguse kamwe.

Sasa la Bi Stumai. Kaka yangu, unafunga bearingi za pikipiki tangu ujana wako, halafu unamwambia mama mtu mzima kwamba skurubu mbili zimekushinda kwa miezi. Umemkosea, kwa sababu mtu mwaminifu hastahili kufichwa, hata kwa jambo la kupendeza. Lakini soma tena uliyoandika. Mtu anayetaka kuondokana na chuma anakikabidhi mlangoni. Hachinji kuku.

Kwanza mpigie Mwanaheri, leo. Asisikie habari za baba yake kwa majirani. Kisha Jumamosi uende mikono mitupu, usitangulize gobore, usizunguke. Mwambie, “Mtambo ulikaa siku ya kwanza. Nilidanganya kwa sababu nilitaka kurudi kukuona.” Ukishasema, nyamaza. Usijitetee, usitaje umri wako. Akikasirika ana haki, omba radhi. Akisema hapana, kunywa kahawa yake, muage kwa heshima, na mtutu usiuombe. Akisema ndiyo, hayo ya posa wazee wenu wanayajua kuliko mimi.

Wako,
Yasmini.

Tulipokuwa tunapanga ukurasa huu, Hilali alitutumia ujumbe, naye ametukubalia tuuweke:

“Bi Yasmini, Mwanaheri nilimpigia, akacheka sana, kisha akalia kidogo, akasema mama yake angependa nisizeeke peke yangu. Jumamosi nilisema maneno yako kama yalivyo, nikanyamaza. Bi Stumai akaifunika sufuria ya kuku, akaja kukaa. Kisha akasema, ‘Nilikuambia uchukue chuma ili nione kama utarudi bila sababu.’ Kuku tulimla amepoa. Posa tunapeleka kwao baada ya mavuno ya maharage, na Mwanaheri keshachagua kitenge.

“Jumatatu mtendaji alitusindikiza polisi, Bi Stumai na mtutu wake, mimi na vyuma vyangu. Mkuu wa kituo aliviangalia kwa muda mrefu, akaahidi kuongea na afisa utamaduni wa wilaya. Askari wa mapokezi akashika kalamu, akauliza, ‘Hii silaha mwenyewe nani?’ Nikataka kumtaja Bi Stumai, maana ni ya ukweni kwake. Akanitangulia. Akamwambia, ‘Andika sisi wawili.’”