Lindo la Alasiri

Sanyuanli, Guangzhou
9 Septemba 2007

Ndugu yangu Marijani,

Assalaam aleikum. Kwa taadhima kubwa, na baada ya kushauriana na kioo, nakutangazia kwamba suruali yangu ya kijivu imestaafu. Imenitumikia miaka saba ikipigana na kiuno changu, na juzi kwenye ngazi za metro ikasalimu amri mbele ya umma. Mafao yake imelipwa siku hiyo hiyo: imekuwa tambara la kufutia meza. Haikukata rufaa hata moja. Kwa hiyo, mzee mwenzangu, suruali imekushinda.

Cheka sasa, maana huko mbele sina cha kukuchekesha.

Hali yako vipi? Shemeji Swalha hajambo? Na somo yangu, huyo mwanao uliyempa jina langu, bado urefu umemzidi akili? Mimi ni mzima, isipokuwa magoti, ambayo hayajakubaliana na ghorofa ya sita. Asubuhi niko Kangle kwenye soko la vitambaa, mchana nabishana na malaoban, matajiri wa maduka, ambao wameshanijua: nikitoka mlangoni kwa hasira mara mbili, ya tatu narudi kununua. Kontena limeondoka bandari ya Huangpu wiki iliyopita.

Barua ya shemeji ilinifikia kwa mkono wa Heriel, yule mfanyabiashara mwenzangu wa kwenda na kurudi. Kanieleza yote. Kwamba usingizini pumzi inakukatika, naye anahesabu mpaka kumi na tano ndipo uvute hewa kama mtu aliyeibuka kisimani. Kwamba yeye halali tena, kazi yake ni kukutikisa. Kwamba umefukuzwa ulinzi wa ghala kwa kusinzia lindoni mchana kweupe. Daktari kasema pua na taya vilivyovunjika kule vitani viliunga vibaya vikabana njia ya hewa, na baraza la mafao ya askari wa zamani halibishani na daktari. Linabishana na mstari mmoja wa faili la zahanati ya kikosi, Machi 1979: ameanguka kutoka kwenye lori akiwa amelewa. Ulevi si utumishi, wakasema, na rufaa mbili wakazitupa. Ya tatu, ambayo ndiyo ya mwisho, inasikilizwa tarehe 15 Oktoba.

Shemeji aliniomba nitoe ushahidi kwamba hukuwa umelewa. Chini yake ukaongeza wewe, kwa mwandiko wako ule wa kuku aliyekanyaga wino, kwamba nisije nikasema uongo kwa ajili yako. Niandike tu kuwa kabla ya siku ile ulikuwa askari mzuri.

Nilianza kuusoma mstari wako huo nimesimama. Niliumaliza nimekaa.

Kisha nikafanya afanyavyo mfanyabiashara akibanwa: nikaenda dukani. Niliambiwa ipo mashine ya kupuliza hewa puani mtu akilala. Nikamchukua jirani yangu Désiré, Mkongo wa Lubumbashi, anayejua Kichina kunishinda. Laoban akatuambia mei you, hakuna. Tulipokwisha kunywa chai yake akakumbuka ipo moja stoo. Désiré akajivika kile kibarakoa cha mpira, akakoroma duka zima likageuka, kisha akanitania, akiniita mzee kwa Kifaransa: “Vieux Vuai, unamutafutia ndugu yako pua mupya. Ile ya zamani ni weye uliivunja?”

Wakacheka wote, hata laoban ambaye hakuelewa neno. Mimi nilitoka nje nikasimama kwenye jua.

Mashine anakuletea Heriel pamoja na barua hii. Itumie, lakini usiihesabu kuwa ni wema wangu.

Marijani, zimebaki siku chache Ramadhani iingie. Kila mwaka wakati huu tunaombana radhi, na kila mwaka wewe hunijibu kwamba umenisamehe unayoyajua na usiyoyajua. Miaka ishirini na minane nimeyapokea maneno hayo nikayatia mfukoni, kama mtu aliyeokota pochi na mwenyewe yuko mbele yake anaitafuta. Mwaka huu usinijibu kabla hujamaliza kusoma.

Hukuanguka kwenye lori. Hukuonja hata tone. Lindo lilikuwa langu, pale kilimani, saa tisa alasiri. Nilikuwa na kibuyu cha rubisi, ile pombe ya ndizi, nilichobadilisha kwa sigara. Nikanywa peke yangu, nikalala bunduki mapajani. Wewe ulikuja kunipokea saa nzima kabla ya zamu yako, kwa sababu asubuhi nilikuambia kichwa kinaniuma. Ulinitikisa bega. Nikazinduka nikakupiga usoni kwa kitako cha bunduki, mara mbili. Pigo la kwanza lilikuwa la hofu. La pili sijui kama nilikuwa nimeshakutambua. Nimejiuliza mpaka nimezeeka.

Kulala lindoni vitani unajua adhabu yake. Basi nikakumwagia kifuani rubisi iliyobaki, nikakubeba mgongoni hadi zahanati, na njiani nikatunga lori. Ulipopata fahamu siku ya tatu hukukumbuka kitu, nikakusimulia mimi. Ukaniamini. Ukalia kwa aibu. Tangu siku hiyo hata togwa iliyochacha hugusi. Mimi nikasifiwa mbele ya kikosi kwa kukubeba, nawe ukampa mwanao jina langu.

Wiki iliyopita nilipanda treni hadi Beijing, nikaapa ubalozini. Kiapo kimo ndani ya bahasha ya kaki, kina muhuri na sahihi yangu kila ukurasa. Baraza likiniita nitakuja, na lolote litakalonipata nitalipokea. Usikisome wewe, mpe karani akisome kwa sauti, watu wote wasikie nani alikuwa mlevi.

Nisalimie shemeji, umwambie kwamba ushahidi alioutaka ulikuwa kweli tupu. Somo yangu msomee barua hii yote, kisha achague mwenyewe aitwe nani.

Ulikuwa askari mzuri kabla ya siku ile, na siku ile yenyewe, na baada yake.

Ni mimi niliyelala lindoni,
Vuai