Magoti ya Kumpakata Dada

Jumatatu, 7 Juni 1971
Dawa, siku ya tano. Maganda ya kamba wa baharini, yamekaangwa makavu, yametwangwa, yamechekechwa. Kijiko kimoja na asali baada ya alfajiri. Yananuka soko la samaki lote. Muuza dawa kasema siku ishirini na moja, ute wa magoti utarudi. Sharti lake nisitembee. Hata sala naswali kitini. Kusujudu kwa kuinamisha kichwa tu kunaniudhi.

Jumatano, 9 Juni
Kaja Mwajuma, binti wa dada Tatu. Mama yake hainuki tena kitandani. Ananiulizia. Nikasema magoti. 

Ningesemaje zaidi? Miaka thelathini mimi na dada tunaosha maiti wa kike wa mji huu. Mmoja anakaa kwenye ufuo, lile shimo la kupokea maji, anampakata maiti. Mwingine anaosha. Tuliahidiana zamani, tena kwa kicheko: atakayetangulia, mwenziwe ampakate. Mwaka jana magoti yalinigomea kazini, nusura nimwangushe marehemu wa watu. Dada yangu simwangushi. Lakini kumwambia mgonjwa kwamba namtunzia magoti ni uchuro. Bora anione mvivu.

Jumamosi, 12 Juni
Leo nimeinuka bila kushika ukuta. Au najidanganya. Daktari wa zahanati alishaniambia yamesagika, hayarudi. Akanipa vidonge vya maumivu, basi. Sikumpenda.

Jumanne, 15 Juni
Mwajuma tena. Hakukaa. "Mama mdogo, mama kasema uje hata kwa kutambaa. Kasema hajapata kusikia mtu aliyekufa kwa magoti."

Dada na ulimi wake! Nimecheka, kisha nikalia. Zimebaki siku nane. Nikivunja sharti naanza upya. Nimemwambia nitakuja Alhamisi ya wiki ijayo. Kaniangalia vibaya. Ana haki.

Jumapili, 20 Juni
Dada kafa kabla ya adhuhuri. Innalillahi.

Nimepelekwa kwa baiskeli. Nimempakata. Kakonda, mwepesi mno. Magoti hayakutetereka hata mara moja. Nimeyachukia.

Mwajuma alikuwa anamimina maji. Akasema, bila kunitazama, "Kila alasiri alitaka tumgeuze aelekee mlangoni."

 Nikamaliza kazi. Nikamkausha dada, nikamfunga kidevu, nikamtia udi. Kwa nini sikumwambia? Yeye angecheka. Uchuro gani kwa mwosha maiti? Mjinga mimi.

Jumatatu, 21 Juni
Siwezi kuandika.

Jumanne, 29 Juni
Nimekwenda kwa Mwajuma, nyumba ile ile ya dada, kwa miguu. Nimepumzika mara mbili kwenye baraza za watu. Magoti yameuma kama desturi yao. Kanipikia uji. Nimemweleza yote, ahadi na dawa na sharti. Kasikiliza mpaka mwisho, akaniongezea uji.

Kutoka kwangu hadi kwa dada ni nusu saa, pamoja na kupumzika.