Nimemsindikiza Tu

Jumamosi, 14 Juni. Kihonda. Baridi.

Leo milima haikuonekana kabisa. Ukungu ulishuka asubuhi ukakaa, na hata jua lilipotoka, vilele vya Uluguru vilibaki vimejifunika kama mtu asiyetaka kuulizwa swali.

Nami ningependa kujifunika.

Shajara, unajua kawaida yangu: kwanza kilichotokea, kisha nilichojifunza. Leo naanza na lililo zito, maana nikiliacha mwisho nitaliruka. Leo nimemkana Mwalimu Zuhura mbele ya mtu, na yeye alikuwa nyuma yangu akisikia.

Sasa nieleze.

Mwalimu Zuhura ndiye mwenye kituo cha kulelea watoto ninapofanya kazi. Nilipomaliza kidato cha nne matokeo hayakunifikisha nilikotaka, na yeye ndiye aliyenipokea. Nilianza kwa kufuta makamasi na kugawa uji. Siku hizi ameniachia darasa la watoto wa miaka minne. Ninawafundisha kuhesabu kwa vizibo vya soda, ninawaimbia, ninawatuliza mama zao wakiondoka. Kazi naiweza. Naandika hivyo bila kujisifu, maana leo nilipaswa kuisema kwa mdomo na sikuisema.

Wiki nzima amekuwa akinisisitizia niende naye mjini, kwenye mkutano wa chama cha walimu wa watoto wadogo.

"Hadija, hii kazi ina ngazi," aliniambia. "Wewe umesimama kwenye ngazi ya kwanza ukadhani ni sakafu."

Chama chao kina desturi yake. Mgeni hajiandikishi mwenyewe. Mwisho wa mkutano, mwanachama wa zamani anasimama, anamshika mkono mtu aliyemleta, na kusema mbele ya wote, "Huyu ni wangu." Basi. Kuanzia hapo mgeni ni mwanachama, na huyo aliyemsimamisha atamhangaikia mpaka apate chuo. Mwalimu Zuhura alikusudia kunisimamisha mimi. Asubuhi kabla hatujapanda bajaji alinikagua kucha, kama anavyowakagua watoto, tukacheka.

Mlangoni pa ukumbi nikakutana na Doris. Tulisoma darasa moja. Sasa yuko chuo kikuu hapa mjini, na leo alikuja na wenzake kuwasaidia waandaaji.

"Hadija! Umepotea, shosti! Upo wapi siku hizi?"

"Nipo, nipo."

"Na huku umefuata nini? Usiniambie na wewe ni mwalimu wa chekechea!"

Alicheka. Tangu nirudi nimekuwa nikitafuta ubaya katika kicheko chake ili nimlaumu yeye. Sijauona. Alikuwa anacheka tu, kwa furaha ya kuniona.

"Aka! Nimemsindikiza mama mmoja tu," nikajibu. "Mimi nasomea uhasibu."

Uhasibu! Sijui hata ulitokea wapi. Nilipogeuka, Mwalimu Zuhura alikuwa amesimama na chupa mbili za maji, yake na yangu. Akanipa yangu.

"Twende tukakae," alisema.

Mama mmoja. Mtu aliyenipa darasa lake nimemwita mama mmoja.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mkutano wenyewe ulikuwa mzuri. Mkufunzi mmoja kutoka chuo cha ualimu alizungumza kuhusu kazi zilizomo ndani ya kazi hii, nami nilidhani ipo moja tu. Kumbe anayeanza kituoni anaweza kusomea cheti akafundisha darasa la awali shuleni, na akiendelea anaweza kuwa mkufunzi mwenyewe. Wapo wanaokagua ubora wa shule. Wapo wanaotunga vitabu vya watoto na kubuni vifaa vya kuchezea. Mama mmoja wa Dumila (tazama, neno lile lile, na leo linanichoma) alisimama akaeleza anavyofanya kazi na watoto wasiosikia, na jinsi alivyojifunza lugha ya alama akiwa tayari ana wajukuu. Nilijikuta nimeinama mbele kwenye kiti. Nilitaka kuwa yule. Nilitaka hivyo mpaka nikasahau kwamba mimi ni mhasibu.

Ndiyo maana likatokea lililotokea.

Baada ya chakula ukumbi ulikuwa na kelele, maana hakuna watu wanaopenda kuongea kama walimu waliotoka kwa watoto wao. Mwenyekiti aligonga meza, akaomba, akagonga tena. Hakuna aliyesikia. Na mimi, bila kufikiri, kwa sauti ile ile ya kila siku, nikanyoosha mkono juu nikaimba:

"Kidole mdomoniii!"

Ukumbi mzima ukanyamaza. Akina mama watu wazima, wenye miwani na vitenge vya heshima, wote vidole midomoni. Hata mwenyekiti. Kisha kikaja kicheko, na mama wa Dumila akauliza kwa furaha, "Huyo binti ni wa kituo gani? Ana sauti ya kazi!"

Doris akajibu kutoka kule nyuma, "Huyo ni mhasibu, mama! Kasindikiza tu!"

Wakageuka wote kunitazama. Ilikuwa rahisi. Maneno machache tu: ni mwalimu, natoka Kihonda. Lakini kidole changu nacho kilikuwa bado mdomoni, nikakiacha hapo hapo.

Ikafika saa ya kusimamisha wageni. Mmoja baada ya mwingine walishikwa mikono, "Huyu ni wangu," makofi, "Huyu ni wangu," makofi. Mwenyekiti akasema, "Na wewe Mwalimu Zuhura? Wewe huwa huji mikono mitupu."

Alisimama. Alinitazama kama anavyomtazama mtoto anayelijua jibu ila anaogopa kulitaja. Huwa anasubiri hivyo kituoni, hamharakishi mtoto. Alinisubiri. Nikainamisha kichwa nikaangalia viatu vyangu.

"Leo sina mtu," akasema taratibu. "Nimesindikizwa tu."

Watu wakacheka, wakidhani anatania.

Kwenye bajaji hakunikasirikia. Heri angenikasirikia. Aliongea na dereva kuhusu bei ya mchele, akateremka kwake, akaniambia, "Jumatatu wahi, ni zamu yako kupokea watoto getini." Nikasema, "Haya, mwalimu." Yeye namwita mwalimu kila siku bila shida. Shida ni kujiita mimi.

Nimejiuliza kwa nini. Baba yuko Mgeta na kabichi zake. Majirani wakimuuliza binti yake anafanya nini mjini, anawaambia, "Yuko ofisini." Sijawahi kumsahihisha. Hapa mtaani nako wanasema watoto hulelewa na waliofeli. Nimeyasikia maneno hayo mara nyingi mpaka nikayaamini, huku kila asubuhi watoto wananikimbilia getini wakipokezana kunishika mikono. Wao hawana aibu na mimi. Wananitangaza mtaa mzima. Yusra, mmoja wao, akiniona sokoni anapiga kelele, "Mwalimu wangu yule!" nami huwa namwambia, shh.

Nimeandika neno hilo, shh, nikalitazama kwa muda mrefu.

Kwa hiyo nimeamua. Kesho, alasiri, nitakwenda kwa Mwalimu Zuhura. Sitampelekea zawadi, ataona namnunua. Nitampa shikamoo, nitamwambia nilisema uongo, na kwamba nilisema uongo kwa sababu nilimwonea haya yeye na kazi yake, ambayo ni kazi yangu. Sitamwomba anisimamishe tena. Hilo ni lake. Kisha nitampigia baba. Huyo namwogopa zaidi.

Doris nimemtumia ujumbe sasa hivi: "Si mhasibu mimi. Nafundisha watoto Kihonda." Amejibu kwa vikatuni vya kucheka na neno moja, "Nilijua." Sauti ile, anasema, haifundishwi kwenye uhasibu.

Kumbe niliyekuwa namficha ni mimi peke yangu.

Jioni, nikichambua mchicha, nimejaribu kuisema kwa sauti: naitwa Hadija, ni mwalimu wa watoto wadogo. Mara ya kwanza nimenong'ona. Mara ya pili jirani ameuliza kupitia dirishani, "Unaongea na nani?" nikajibu, "Na mtu."

Kidole nimekitoa mdomoni nikiwa jikoni, mbele ya mchicha. Je, kesho mlangoni kwa Mwalimu Zuhura, akinitazama vile anavyotazama, akinisubiri, nitakitoa?