Nastashiamu za Kando ya Njia

4 Februari

Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti limepunguza maudhi. Sisi huku hatujambo. Mvua zimeanza vizuri, na bati la jikoni halivuji tena.

Nina ombi. Wewe unayeshinda kiwandani ukifunga mbegu kwenye pakiti, nichagulie maua ya nastashiamu kwa ajili ya bustani ya mama, kule nyuma. Unakumbuka alivyokuwa akituchumia yale majani ya duara tukayatafuna, yakatuwasha ulimi kama pilipili? Nataka aina fupi, za kichaka, zisizotambaa kabisa. Rangi nitakuachia wewe, mradi zing'ae. Ni za kupanda kando ya njia.

Kula vizuri, usiishie chai.

Mdogo wako

19 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Goti lipo, tunavumiliana.

Mbegu nitakuchagulia. Tunazo aina kumi na moja. Kuna nyekundu iliyokolea, majani yake kijani cha giza. Kuna ya rangi ya maziwa, hiyo ni ya kichaka. Kuna yenye majani ya madoadoa, utadhani mtu amepaka chokaa ovyo. Na kuna inayotambaa, hupanda hata mita mbili. Sasa ukuta wa nyuma uko uchi na unapigwa jua la alasiri. Yeyote mwenye akili angeufunika kwa hiyo inayotambaa. Mbona wewe huitaki?

Na njia ipi? Bustani ile nimeilima kwa mikono yangu. Ina matuta manne na ukuta, basi.

Halafu umeandika "sisi". Mama tumemzika, huu mwaka wa tatu, na nyumba tulikubaliana ukae peke yako. Wewe na nani?

Dadako

2 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa kazi. Umenichekesha. "Sisi" ni salamu tu, kila mtu huandika hivyo. Ni mimi na paka.

Njia nimeitengeneza mwenyewe juzijuzi, nikaimwagia saruji ili nisichafue miguu wakati wa mvua. Zinazotambaa sizitaki kwa sababu hunasa miguuni. Hakuna jingine.

Nitumie za rangi ya chungwa na hizo za maziwa. Nyekundu hapana. Naomba ufanye haraka, udongo sasa hivi ni laini.

Mdogo wako akupendaye

15 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi sijambo.

Fundi cherehani wa nyumba ya pili alinipigia simu Jumapili. Aliniuliza, kwa adabu zake zile, kama tumepata mgeni. Anasema kila asubuhi humsikia mwanamume akikohoa bustanini kwetu, na kwamba mwezi wa kwanza nyundo zililia ukutani siku mbili mfululizo.

Paka hakohoi. Wala paka hahitaji saruji.

Umebomoa ukuta? Umemkatia mtu kiwanja cha mama? Kama umepata mume, niambie, sina neno, nitashona gauni. Lakini nisifanywe mtoto. Njia ya mwongo ni fupi. Hii yako nataka kujua ina hatua ngapi, na inaishia kwa nani.

Mbegu ziko mezani kwangu, nimeshazifunga. Hazitoki hapa mpaka unijibu.

Dadako, ambaye si mjinga

30 Mei

Dada yangu mkubwa,

Shikamoo. Najua nimekaa kimya miezi miwili na nusu. Kila nilipoandika, nilichana.

Ni baba.

Alikuja Desemba, akapanga chumba kwa yule seremala, nyuma ya ukuta wetu. Mwaka jana alipigwa na kiharusi, upande wa kulia umelala, anatembelea kiti cha magurudumu. Siku ya kwanza alipoletwa mlangoni nilimfungia mlango usoni. Hakugonga tena. Seremala ndiye aliyeniambia kwamba mzee hushinda amegeuza kiti kuuelekea ukuta, na ukimwuliza anatazama nini, husema anawasikia kuku wetu.

Uliniapisha kando ya kitanda cha mama kwamba yule mtu hatapita mlango wa nyumba yake. Sijavunja kiapo, dada. Nimevunja ukuta. Seremala alitoboa nafasi ya kutosha kiti. Baba huingia bustanini asubuhi, hukaa mpaka jua likolee, hurudi. Ndani hajaingia, wala hajaomba.

Zinazotambaa hujisokota kwenye magurudumu. Nilijifunza kwa maboga: yalinasa gurudumu nikiwa nasukuma, nikamwangusha kifudifudi. Alicheka, mimi nikalia.

Nilimwuliza kwa nini alituacha mama akiwa mgonjwa. Akasema, "Niliogopa. Nimetafuta jibu jingine miaka kumi na minne, sijalipata."

Mimi nilikuwa na miaka saba, sikumbuki vizuri nilichokosa. Wewe ndiye uliyeacha shule ukanilea, kwa hiyo hasira ni haki yako. Nikasirikie mimi, lakini usininyamazie.

Mdogo wako

21 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba.

Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikaingia kazini na kufunga mbegu za figili kwenye pakiti za karoti kutwa nzima. Msimamizi amenipa onyo. Nimemwambia goti.

Sijamsamehe, na usimwambie kwamba nimeandika chochote. Lakini nikueleze ukweli: kurudi kwake hakukuniuma kama uongo wako. Yeye nilishamzoea. Wewe nilikulea kwa mkono huu, na umenifanya nipokee habari za nyumba yetu kutoka kwa fundi cherehani. Usirudie.

Mbegu nimezituma leo. Zile za mwanzo nimezirudisha kiwandani, nimechagua upya. Za chungwa ndizo zenye majani makali zaidi. Panda upande wa kushoto wa njia anapoingia, ambako mkono wake bado unafanya kazi, aweze kuchuma. Kulia weka za maziwa, za kutazama. Zote ni fupi, inayotambaa haimo, nimeangalia kila pakiti mara mbili.

Usipande ukingoni kabisa. Kichaka kimoja hutanuka shibiri moja na nusu, kwa hiyo kabla hujachimba pima kiti, uone kinahitaji nafasi gani. Na usikipime kikiwa kitupu. Pima akiwa amekaa, viwiko vikiwa nje. Ana mikono mirefu, yule.

Dadako