Penye Plasta Laini

Mke wangu mpenzi,

Nisalimie wazazi wako huko. Waambie mkwe wao akiachwa peke yake anaunguza hata chai.

Leo tumepima ghorofa moja la zamani. Ukuta wake ni kuta mbili zilizoshikanishwa kwa vyuma vya ndani, nasi huvivuta kwa mashine kuona kama bado vinashika. Penye ufa, panapowatisha wapangaji, chuma hakikutikisika. Penye plasta laini, isiyo na ufa hata mmoja, kilichomoka kama jino bovu.

Nikatufikiria sisi wawili. Tangu tumzike mtoto hatujagombana hata mara moja. Ni “asante” na “samahani” tu, kama wageni.

Rudi nyumbani, mpenzi, unifokee kama zamani. Viatu vyangu vya kazini nimeviacha sebuleni makusudi, na vumbi lake.

Wako,
Mzee wa Vumbi