Pijo ya Baba na Neno Nililolisema Kaburini

Mpendwa Hajati Shakira,

Naomba msaada wako, na naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanicheka, maana hapa Koboko kila niliyemweleza amecheka kwanza na pole akanipa baadaye. Mimi ni mwalimu mstaafu, jina langu Adrabo, nina miaka sitini na miwili, nyumbani kwetu ni Manibe lakini nimefundisha Koboko mpaka nikazeekea huku, nina mke mmoja, Pasca, na nina gari moja, Pijo 504 ya dizeli, ile ndefu ya kubeba watu wengi, rangi yake ilikuwa ya maziwa na sasa ni ya barabara, na shida yangu ni kwamba naambiwa siwezi kubaki na wote wawili.

Gari hili alilinunua marehemu baba yangu, Mzee Obitre, mwaka wa 1991, kwa tumbaku ya misimu mitano, tukiwa tumesharudi kutoka Kongo tulikokimbilia wakati wa vita, na siku alipolileta nyumbani mama alipanda akakaa kiti cha mbele akakataa kushuka, chakula akaletewa humohumo, akala huku ameegemeza kiwiko dirishani. Siku hizo barabara ya kutoka Arua mpaka Koboko ilikuwa vumbi jekundu tupu, unafika hata nyusi ni nyekundu, na watu walijua mlio wa Pijo ya Obitre kabla haijatokeza, baba akipiga honi mara mbili mbele ya kila nyumba ya rafiki yake, na ndiyo maana safari ya saa mbili ilikuwa inakula siku nzima. Siku za kazi alibeba tumbaku, Jumapili alibeba watu wa kanisa, na mpaka leo mvua ikinyesha ile harufu ya majani ya tumbaku inatoka kwenye viti, Hajati, na mimi nikiisikia nauona mkono wa baba kwenye usukani kabisa kabisa, mpaka ile kucha yake iliyopasuka.

Pasca aliletwa kwetu na gari hilohilo mwaka wa 1994, yuko katikati ya shangazi zangu wawili wanene hata pumzi hapati, na miaka miwili baadaye, tukimkimbiza Arua kujifungua, mtoto hakusubiri, akazaliwa kwenye kiti cha nyuma tukiwa tumesimama kando ya barabara upande wa Maracha, baba amegeuka anatazama mihogo ya watu kwa heshima, mimi napepea kwa kofia, na mtoto tukamwita Geriga, yaani wa njiani, na leo ni muuguzi Kampala. Mama yangu alipofia hospitali Arua, gari hili ndilo lililomrudisha nyumbani, na wengine wengi wa ukoo wetu vilevile, maana kwetu mtu halali nje, lazima arudi azikwe kwao, na gari la kumrudisha lilikuwa Pijo ya Obitre, hakuna aliyekataliwa.

Sasa sikiliza kosa langu la kwanza. Baba alifariki mwaka wa 2009, tukamleta Manibe na gari lake mwenyewe, na zamu yangu ya kusema ilipofika, udongo bado mbichi, wajomba zake baba wamekaa mbele pale penye nafasi yao, nilishikwa na uchungu nikasema kwa sauti kubwa kwamba gari hili halitauzwa wala halitatoka mikononi mwangu, litanibeba na mimi kunileta hapahapa nilale kando ya baba. Wajomba wakaitikia. Nawe unajua, Hajati, kwetu neno lililosemwa kaburini na wajomba wakaliitikia si neno la kulewa nalo na kulisahau asubuhi. Katika wale wajomba amebaki mmoja, Mzee Anguzu, ana miaka tisini na kitu, kila akiniona ananiuliza, "Gari ya mtoto wetu iko?" nami najibu, "Iko, mjomba," basi anatikisa kichwa na kufurahi.

Kosa la pili naona aibu kuliandika lakini bila hilo utanishauri gizani. Pasca ana sukari, ni mwaka wa sita sasa, na kila mwezi lazima aende kliniki Arua, na mimi sitaki aende na teksi, nasema gari lililomleta kwangu ndilo litakalompeleka kutibiwa. Mwezi wa sita tulitoka asubuhi mapema, yeye hajatia kitu mdomoni kwa sababu ya kile kipimo cha kufunga, tukapita Maracha na gari likachemsha, nikafungua boneti, nikaweka maji, likawaka, likazima tena. Teksi mbili zilisimama, kila moja ina nafasi, na zote mbili nikazipungia mkono nikasema tuko sawa. Pasca akaniambia kwa dirisha, "Adrabo, mikono yangu iko natetemeka," nami nikamjibu dakika mbili tu, mama. Nilipoinua kichwa nilikuta mama mmoja muuza mihogo amemshika, anamnywesha chai ya sukari kutoka kwenye chupa yake, na Pasca ameloa jasho na asubuhi yenyewe ni baridi. Alipopata nguvu alisimamisha boda impeleke kliniki, akapanda, akanitazama, akasema, "Mimi nachoka. Wewe baki na bibi yako hii." Tangu siku hiyo yuko Pajulu kwa kaka yake, karibu na kliniki, simu anapokea, anauliza kama nimekula, lakini kurudi anasema atarudi kwenye nyumba ambayo mtu anaweza kutoka akafika anakokwenda.

Sasa amekuja huyu Mogga, mtu wa Yei ng'ambo ya mpaka, aliyekimbia vita kuja hapa Koboko, ni mtu mpole, ana mashine ya kusaga mihogo na mtama karibu na soko, injini yake imekufa, akanijia akasema, "Mwalimu, hii gari iko mgonjwa mwili yote, lakini moyo yake iko mzima. Wewe uzia mimi. Nitaweka kwa mashine, itafanya kazi kila siku, haitalala tena nje kwa mvua." Nilimfukuza, Hajati, halafu nikatoka nikamwita arudi, halafu nikamfukuza tena. Nikiuza nimevunja neno la kaburini, na nitakaa barazani kwangu nikisikia gari la baba linasaga mihogo ya watu. Nisipouza, nyumba yangu haina mtu. Kila asubuhi naliwasha, linakohoa mara tatu ndipo linashika, bado linakula nusu lita ya oili kila safari, rejeta inavuja upande wa kushoto, klachi imelegea lakini fundi anasema itafika Krismasi. Mogga amenipa mpaka mwisho wa mwezi. Niambie nifanye nini.

Ni mimi,
Adrabo, Koboko


MSHAURI ANAJIBU

Mwalimu Adrabo,

Nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyoomba. Nilicheka mahali pamoja tu, na nitakuonyesha ni wapi.

Kwanza pole. Na mimi niliingia kwa mume wangu na Pijo, tukiwa watu kumi na mmoja ndani na mbuzi wawili juu, na nikipita leo barabara ya lami, teksi inateleza bila hata kutikisa chai, kuna kitu nakikosa, sitakudanganya. Tulikuwa tunafika tumechafuka lakini tumejuana. Kwa hiyo usifikiri unaandikiana na mtu anayeona chuma tu. Nikisoma habari za mama yako na kile kiwiko chake dirishani nilitamani ningemjua.

Sasa kaa vizuri nikuseme. Ulipungia teksi mbili. Mbili, mwalimu! Mke ana njaa ya kipimo, ana sukari, anatetemeka, na wewe umeinama kwenye boneti unasema dakika mbili. Unajua ingekuwaje yule mama wa mihogo asingepita na chupa yake ya chai? Pijo ingembeba Pasca kweli siku hiyo, ila si kumpeleka kliniki. Hilo usililainishe kwa kuliita kosa la pili. Ndilo la kwanza, na la kaburini linafuata mbali sana nyuma yake.

Kisha nisikilize jambo hili, maana naona hulijui. Unaandika kana kwamba wewe ndiye mwenye kumbukumbu na Pasca ndiye anayezikanyaga. Kwenye kile kiti cha nyuma nani alijifungua? Wewe ulikuwa unapepea kwa kofia. Yeye ameijua hiyo gari kwa mgongo na kiuno chake, ameingia nayo bi harusi na ameshuka nayo mama. Kama kuna mtu mwenye haki ya kulia Pijo ikiondoka, ni yeye. Na huyohuyo ndiye aliyeshuka akapanda boda. Haichukii gari, mwalimu. Amechoka kuachwa kando ya barabara na mtu ambaye yuko palepale naye.

Tuje kwenye neno lako. Hapa ndipo nilipocheka. Uliapa Pijo ikulete Manibe siku yako ya mwisho, na Pijo yenyewe haipiti Maracha! Unataka wajukuu wako washuke na suti zao za msiba wasukume, na wewe ndani umelala huna wasiwasi? Utakuwa mtu wa kwanza West Nile kuchelewa kwenye mazishi yake mwenyewe.

Lakini sikuambii neno la kaburini ni upuuzi. Mimi ni mtu wa huku, nawajua wajomba. Neno lililoitikiwa nao huwezi kulivunja jikoni peke yako ukajifanya hukulisema, litakuwasha maisha yako yote, na mtoto akiugua homa utasema ni lile. Ulilisema mbele yao, basi nenda ulirudishe mbele yao. Na Mungu amekupenda, amekubakizia mmoja. Mzee Anguzu ana miaka tisini na kitu, usingoje mvua zipite. Wiki hii nenda Manibe, na uende na teksi, mchukue mjomba mkono kwa mkono mpaka kaburini kwa baba yako, na mseme ninyi watatu. Mwambie baba kwamba uliyoyasema siku ile uliyasema kwa uchungu, na kwamba gari limefanya kazi yake, limemrudisha mama, limemrudisha yeye, limemleta Geriga duniani, na sasa limechoka. Sema na habari ya zile teksi mbili. Usiifiche, kwa sababu baba yako, jinsi ulivyomwandika, alisimamisha gari njia nzima kusalimia watu. Mtu wa namna hiyo angekuelewa ukiuza Pijo. Lakini ungetafuta maneno gani ya kumweleza baba yako jinsi Pasca alivyoloa jasho ukiwa umempa mgongo?

Mjomba akiulizwa atajibu. Kama nawajua wazee wa huko, atanuna kidogo, ataomba kitu cha kunywa, halafu ataitikia. Na kama hataitikia siku hiyo, kaa naye, rudi kesho. Hilo ni la kwenu, mimi siwezi kuliitikia kutoka Arua.

Akishaitikia, mwuzie Mogga. Usitafute mwingine. Ulikuwa unaogopa kusikia injini ya baba ikisaga mihogo ya watu, na mimi nakuuliza, baba yako alinunua gari ili abebe nani kama si watu? Mogga alifika kwenu amekimbia vita, kama ninyi mlivyofika Kongo. Injini ya Obitre ikimwekea ugali mezani yeye na majirani zake, sioni aibu iko wapi. Asubuhi za kwanza itakuuma, ndiyo. Toka tu barazani uende ukaisikilize kwa karibu, umpe Mogga mkono, urudi.

Kiti cha nyuma Mogga hakihitaji. Kitoe, lakini usikiweke barazani kwa mbwembwe ukimngojea mkeo aje ashangae. Ni cha Pasca, yeye ndiye atakayesema kikae, kichomwe au apewe Geriga.

Na mambo haya yote, mwalimu, ni ya pili. Nimesoma barua yako mara tatu nikitafuta kitu kimoja na sikukipata. Umeniambia oili ni nusu lita kwa safari, rejeta inavuja upande wa kushoto, injini inakohoa mara tatu, klachi itafika Krismasi. Mke wako ana sukari mwaka wa sita, na hukuniandikia hata mara moja siku ile kliniki walimpima wakakuta ngapi. Naamini hukumuuliza.

Kwa hiyo kabla ya Manibe, kabla ya mjomba na Mogga, panda teksi kesho asubuhi uende Pajulu. Usimtume Geriga akupigie simu ya kulainisha. Pasca akifungua mlango, habari za gari usizitie mdomoni, hata kama ni nzuri. Kaa pale atakapokuonyesha, muulize sukari yake leo imesoma ngapi, na akikuambia, ikumbuke ile namba.

Hajati Shakira